Mashini ya Bibi Yangu mu Liste ya Kampuni

Kuna batu benye woga inabashika mu tumbo. Mimi inanishikaka mu miguu. Wiki ile ya deni ya État, ni kusema serikali, sikukaa ku kiti hata mara moja kama mutu mwenye akili. Nilikuwa ninakula nikisimama, ninasema nikitembea, ninasali nikiangalia mulango. Motere ikilia tu ku njia, mimi niko tayari nyuma ya nyumba, kati ya pipa na ukuta, ninajifanya kuangalia kama sabuni imekauka. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, alisema kiti yangu itaenda kuomba kazi fasi ingine, juu kwetu haina tena na mwenye kuikalia.

Sabuni njo ilikuwa kazi yetu. Tulikuwa tunaikala Mangobo, mu Kisangani, na nyuma ya nyumba kulikuwa sufuria moja ya chuma, mukubwa sawa kitanda ya batu babili. Mawese inaingia, sude, ile dawa kali ya sabuni, inaingia, tunapika, tunamimina mu sanduku ya mbao, ikikauka tunakata na waya. Sabuni yetu ilikuwa ya rangi ya udongo, na kama unafua nayo mingi ngozi ya mikono inatoka kidogo, lakini ilikuwa inaondoa uchafu, hakuna mutu alikatala ile. Mimi niliacha masomo mu mwaka ya pili ya secondaire, pale hesabu iliacha namba na kuanza kutia herufi. Nilisema: kama hata hesabu haijue tena namba zake, mimi niko nani?

Shemeki yangu, kaka ya bibi yangu, yeye alisoma mpaka diplome. Alikuwa anafundisha Kabondo. Siku moja alikuja na abacost yake mupya, ile koti ya bila karavati, alisimama mbali na sufuria juu isimurukie, akasema:

«Shemeki, hii kazi ya kujificha nyuma ya nyumba, tuache. Tufungue société. SPRL.»

«Ile ni dawa ya nini?»

«Ni kampuni ndogo. Responsabilité limitée. Maana yake, kampuni ikianguka, inaanguka yenyewe. Habawezi kukuja kukamata kitanda yako.»

Ile ya kitanda ilinifurahisha sana, juu kitanda yangu ilikuwa ya deni.

Tulienda kwa karani moja mwenye alikuwa anaandikia batu makaratasi ku kibaraza karibu na biro ya commune. Alituuliza kapitali iko wapi. Tuliangaliana. Alisema haina neno, bitu pia inahesabiwa, tutaje bitu ya kampuni na bei yake. Tulitaja sufuria. Tulitaja sanduku, waya, mapipa. Tulitaja baiskeli yangu, yenye ilikuwa na frein moja tu ya kuisimamisha. Karani alijumulisha, akatikisa kichwa: bado haifike.

«Nyumbani hakuna kitu ingine ya mashini?»

Kulikuwa.

Kulikuwa mashini ya kushona ya bibi yangu. Nyeusi, ya pedali, na maua ya rangi ya zahabu yenye ilianza kufutika pale mukono wake inapitaka. Aliinunua mbele ya mutoto yetu wa pili, na makuta yake mwenyewe, miaka ya kuuzisha makemba, ndizi za kupika, ku soko, kitambo mimi sijajua bado sabuni inapikwaka namna gani. Alikuwa anashona nguo za masomo, blue na nyeupe, na kila mwaka, wakati ya kulipa masomo ya batoto, mimi ninaangalia mawingu, yeye anaangalia mufuko yake, na batoto banaenda ku masomo. Sabuni ilikuwa inatulisha. Mashini njo ilikuwa inasomesha batoto.

«Andika mashini ya kushona, moja,» nilisema.

Karani aliuliza bei. Nilitaja. Alisema bado haifike. Niliongeza. Alisema kidogo tena. Niliongeza kidogo tena, mpaka kapitali ilienea sawasawa kama nguo ya kupima. Mashini ile ilipanda bei mara tatu bila kutoka mu nyumba. Shemeki alicheka, mimi nilicheka, karani hakucheka, alitupatia fasi ya kutia sinyature. Bibi yangu alikuwa ku soko. Nilijiambia: nitamuambia akirudi. Ile «nitamuambia» ilikaa miaka tatu.

Bon. Nilikuwa gérant, ni kusema mukubwa wa kampuni. Nilitembea mu Mangobo na kalamu mu mufuko ya juu, na kama mutu ananiita «papa sabuni» ninakohoa kwanza mbele ya kuitika.

Mwezi haikuisha, agent wa biro ya contributions alikuja, ni kusema biro ya kodi. Mutu munene, muzuri, mwenye kicheko. Alikaa ku kiti, alikunywa bière moja, aliangalia sufuria, alisema: «Citoyen gérant, tutapanga.» Alienda na katoni moja ya sabuni. Mwezi ingine alirudi. Bière, kicheko, katoni. Kila mwezi. Familia yake ilikuwa familia safi kupita zote za Kisangani. Siku moja nilimuomba karatasi ya kuonyesha nimelipa, quittance. Aliniangalia sawa mutu mwenye amesikia habari ya kilio.

«Karatasi? Kati yangu na weye?»

Nilisikia haya. Nilimuongezea sabuni tano.

Batu bananiuliza leo: ulikuwa mujinga? Hapana, nilikuwa wa wakati ile. Kwetu kila mutu alikuwa na agent wake, vile kila mutu iko na muganga wake. Unamutunza, anakutunza. Mimi nilijua kabisa ninalipa kodi. Nilikuwa ninalipa mutu. Kodi ilikuwa ingali imekaa pale, inanenepa kuliko yeye.

Kisha balimuhamisha. Habakumuhamisha karibu, balimupeleka région ingine, mbali, na mutu wangu munene alienda bila kuniaga. Fasi yake alikuja mwembamba moja na lunettes ku macho, mwenye sauti ya polepole. Nilimuletea kiti. Alibakia amesimama. Nilimuletea bière. Aliomba maji. Nilimufungia katoni ya sabuni na kamba muzuri.

«Aksanti,» alisema. «Nilioga asubuhi.»

Pale njo miguu yangu ilianza. Mutu mwenye anakatala sabuni, utamushika wapi?

Alifungua dossier. Alinionyesha ukurasa yenye ilipashwa kuwa na malipo yetu. Ilikuwa nyeupe sawa nguo yenye tumefua. Tangu siku ya kwanza, hakuna kitu. Juu ya deni kulikuwa faini ya kuchelewa, na juu ya ile faini kulikuwa faini ingine, yenye mimi sikuelewa ilifanya nini pale. Na wakati ile biashara yenyewe ilikuwa inakohoa: sude ilipanda bei kila wiki, lori za mawese zilikuwa zinalala mu matope. Alinipa siku munane. Kama hatulipi sehemu ya tatu na kuandika mupango ya kulipa ingine, huissier, mutu wa tribunali, atakuja kukamata bitu ya kampuni.

«Bitu gani?» niliuliza, na sauti ya mutu mwenye hana bitu.

Alitosha liste. Ile liste yetu, na sinyature yangu chini, na mukia mureefu nilitia juu ya kujionyesha.

«Sufuria, moja.» Aliangalia sufuria, alitia alama. «Sanduku za mbao. Mapipa. Baiskeli.» Alitia alama. «Mashini ya kushona, moja.»

Mu nyumba, bibi yangu alikuwa anashona. Trrrrr. Ilisimama. Trrrrrrr.

Agent aligeuza sikio. «Ile sauti njo mashini?»

«Hapana, citoyen. Ile ni redio.»

Trrr. Ikanyamaza.

«Imezimika,» nilisema. «Batri.»

Aliniangalia juu ya lunettes, alifunga dossier polepole, alisema, «Siku munane, citoyen gérant,» na alienda na miguu yake, juu hata motere hakukuwa nayo. Lakini huissier, nilijiambia, yeye atakuja na motere.

Bibi yangu alitoka na uzi mu meno.

«Nani yule?»

«Mutu wa sabuni.»

Haikukuwa uongo. Ilikuwa tu mbali na kweli.

Siku ya pili, asubuhi, nilienda Kabondo kwa shemeki. Nilimukuta anasahihisha kaye za banafunzi. Nilimupa habari, nikizunguka meza yake mpaka alinishika shati.

«Shemeki, kaa. Unanipa kizunguzungu.»

«Ulisema habawezi kukamata kitanda yangu!»

«Kitanda, ndiyo. Kitanda haiko mu liste. Uliandika kitanda?»

«Hapana.»

«Alors, lala bila hofu.»

«Na mashini ya dada yako?»

Alirudia ku kaye zake. Alisahihisha neno moja yenye haikukuwa na kosa. «Njo weye gérant,» alisema.

Nilienda kwa karani ku kibaraza. Alisoma liste, alifurahi kuona kazi yake bado safi. Alinielezea, mara mbili, na uvumilivu: kampuni ikianguka habawezi kukamata bitu yangu, ile ni kweli, sheria iko. Lakini mashini haiko tena yangu, na haiko ya bibi yangu. Niliipatia kampuni. «Na mukono yako, papa. Na mukia ya sinyature hii.»

Nilienda mpaka nyumba ya ule agent munene. Mupangaji mupya alinifungulia. Ku ukuta, pale banafuliaka, kulikuwa kipande ya sabuni yetu imebakia. Niliangalia kipande ile, na ile ilinichokesha kuliko njia yote.

Siku ya tatu, ya ine, ya tano nilitembea. Nilipanga nitamuambia bibi yangu ku chakula. Ku chakula nilisimama na sahani, nilisema «Mama ya batoto…», na yeye alisema: «Ukisimama vile, pondu inaenda mu miguu.» Batoto balicheka. Nilicheka zaidi kuliko bo. Sikusema.

Siku ya sita akili ilinikujia, yenye ilikuwa ya ujinga, lakini miguu ilikuwa imechoka kungoja akili ingine. Nilikuwa na rafiki ku Simi-Simi, mwenye nyumba yake ilikuwa na chumba ya nyuma. Nilijiambia: nitaficha mashini kule mpaka siku munane ipite, huissier akikuja hatakuta kitu. Bibi yangu alisema anaenda kupima mwanamuke moja nguo ya ndoa, sikuuliza wapi. Alipotoka tu, nilifungua kichwa ya mashini ku meza yake, niliifunika na pagne, niliifunga nyuma ya baiskeli na kamba ya mupira ya pneu. Pedali na meza nitarudilia. Nilisukuma. Baiskeli yenye frein moja na mashini yenye uzito ya mutu mugonjwa: kila fasi njia inashuka, mimi ninakimbia mbele juu ya kuizuia, kila fasi inapanda, ninaisukuma na kifua. Batu balinisalimia. «Papa sabuni, unapeleka nani ku lopitalo?» Niliinama kichwa, nilipita.

Karibu na Simi-Simi, mwanamuke moja alitoka mu parcelle, kiwanja ya nyumba moja, na mètre ya kupimia ku shingo. Alisimama. Mimi pia nilisimama, lakini baiskeli haikusimama, ilinivuta hatua tatu tena, mpaka tulifikia sawasawa mbele yake.

Ilikuwa bibi yangu. Mwanamuke wa ndoa alikuwa anaikala pale.

Aliangalia baiskeli. Aliangalia pagne, yenye ilikuwa pagne yake. Aliinua pembe moja na vidole mbili.

«Papa ya batoto. Mashini yangu inaenda kutembea wapi?»

Nilikuwa na uongo tatu tayari. Zote zilikuja pamoja ku mulango, hakuna hata moja ilipita. Alors nilisema kweli. Pale pale ku njia, nikishika baiskeli isianguke: karani, kapitali, liste, agent munene, sabuni, agent mwembamba, siku munane. Sijasemaka vile hata mbele ya padiri. Alinisikiliza akizungusha mètre ku kidole. Nilingoja atoe kelele. Mimi nazoea kelele, ninajua kuchekesha mutu mwenye anapiga kelele. Hakupiga.

«Uliandika mashini yangu,» alisema.

«Ilikuwa tu juu ya karatasi…»

«Na redio?»

«Nini?»

«Nilisikia. Ulisema mimi ni redio.»

Hakucheka. Nilitamani sana acheke.

«Rudisha,» alisema. Na alishika nyuma ya baiskeli, alizuia ku njia ya kushuka, alisukuma ku njia ya kupanda, mpaka Mangobo. Ile ilikuwa njia mureefu kuliko zote nilitembea mu maisha yangu, na mimi ni mutu wa kutembea.

Kesho yake alivaa pagne yake ya siku kubwa. Aliniambia nivae kiatu. Tulienda biro ya contributions, yeye mbele, mimi nyuma na kalamu yangu mu mufuko. Agent mwembamba alituonyesha viti. Bibi yangu alikaa. Mimi nilibakia ku dirisha.

«Citoyen,» alisema, «kampuni inaweza kuuzisha bitu yake?»

«Kama haijakamatwa bado, ndiyo. Na makuta iingie hapa, na karatasi.»

«Inaweza kumuuzishia mutu yeyote?»

«Yeyote mwenye kulipa.»

«Basi mimi ninanunua mashini.»

Agent alitosha lunettes, alizipanguza, alizirudisha. Nazani ile siku njo mara ya kwanza alimuona mutu kwa kweli mu biro ile.

«Bei?» aliuliza bibi yangu, na alinigeukia mimi. «Citoyen gérant, mashini yako unaiuzisha ngapi?»

Nilifungua kinywa niseme: chukua, chukua bure, chukua na mimi pia. Lakini agent alitia kidole ku liste.

«Citoyenne, gérant hawezi kupunguza. Itaonekana munaficha mali mbele ya deni. Bei ni hii yenye iko hapa.»

Bibi yangu alisoma. Alirudia kusoma. Ilikuwa bei ya mashini tatu. Hata vile makuta ilikuwa imeanguka miaka ile, uongo yangu ilikuwa ingali juu.

«Hii bei nani aliweka?»

Niliangalia dari. Kulikuwa mujusi.

«Gérant,» alisema agent.

«Pedali yake inalia,» bibi yangu alimuambia, si mimi. «Maua imefutika. Mimi njo ninaijua.»

«Ninaamini, citoyenne.»

Na hakupunguza hata likuta moja.

Alikuwa na likelemba na bamama wa soko: kila mwezi kila moja anatoa, moja anachukua yote. Zamu yake ilikuwa karibu. Ile makuta ilikuwa ya mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya majani ya ndele, mvua ilikuwa inaingia sawa mutu wa familia, na miaka mbili alikuwa anangoja mabati ile. Alikuwa ameisha kuchagua hata mbao za kupigilia misumari. Aliomba rafiki yake babadilishane zamu. Siku ya munane alileta makuta imefungwa mu kitambaa, alihesabu ku meza ya agent, na ilienea kwa sehemu ya tatu na ikabakia kidogo. Mimi gérant nilitia sinyature ku karatasi: kampuni imeuzisha citoyenne huyu mashini ya kushona, moja. Safari hii sikutia mukia.

Shemeki alikuja pia. Bibi yangu alikuwa amepita Kabondo, sijui alimuambia nini, lakini aliandika barua ya kuomba tulipe ingine polepole, na français ya muzuri sana mpaka agent aliisoma mara mbili na kusahihisha kitu moja tu, namba ya deni, yenye shemeki alikuwa amepunguza «bila kusudi».

Tulilipa kila mwezi, makuta ya sabuni. Kila mwezi quittance, na kila quittance bibi yangu anaitoboa na kuitundika ku musumari nyuma ya mulango. Agent hakuchukua sabuni hata siku ya mwisho. Siku ile nilimuletea kipande moja tu, imefungwa mu gazeti, nikimuambia deni imeisha, sasa ni urafiki. Alinusa. Alisema, «Inatoa ngozi, hii,» na alinirudishia.

Kampuni ilianguka mwaka yenye ilifuata, juu ya bei ya sude, na ilianguka yenyewe, vile shemeki alisema. Hakuna mutu alikuja kukamata kitu. Sufuria inapikaka pondu ya matanga sasa, tuliisugua wiki muzima.

Karatasi ya mashini iko mu droo ya mashini yenyewe, chini ya sindano. Mabati ilikuja kisha miaka ine. Miaka ile yote ine, mvua ikianza tu, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama: beseni hapa, sufuria pale, mashini katikati, ku fasi moja yenye haikuvuja. Bibi yangu anaendelea kushona, anainua miguu tu nipitishe beseni.

Siku moja, mu mvua, nilisahau, nikasema: «Ngoja, nisogeze mashini yetu.»

Trrrr ilisimama.

«Ya nani?»

«Yako,» nilisema. «Ya kununua mara mbili.»

«Sogeza basi. Polepole. Pedali inalia.»